SHOKAPU ZA MBELE ZIKIPINDA

Kama una pikipiki, au kama jirani yako anayo, fanya jaribio hili leo. Isimamishe mahali tambarare. Panda juu yake. Shika breki ya mbele, halafu sukuma usukani kwenda chini kwa uzito wako wote. Tazama yanayotokea.

Je, imeshuka na kurudi mara moja tu, taratibu? Hiyo ni nzima. Je, imeshuka ikarudi, ikashuka tena, ikarudi tena, kama mtoto anayebembea? Hiyo mafuta yake yamepungua. Je, imekwama njiani, au imeshuka kwa kukwaruza? Hiyo huenda imepinda. Na iliyopinda ndiyo nataka tuizungumze zaidi leo, maana ndiyo inayoweza kumwangusha mtu mlimani huku kwetu Ufipa.

IMEUNDWAJE?

Wengi tunaita shokapu za mbele. Wengine, hasa waliozoea baiskeli, wanaita uma. Ni ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, mmoja kulia na mmoja kushoto.

Chukua mfano wa pampu ya baiskeli. Kuna bomba jembamba linaloingia ndani ya bomba nene. Shokapu nayo iko hivyo hivyo. Bomba la ndani ni lile linalong'aa. Limeshikwa juu, chini ya usukani, na vishikio viwili: kishikio cha juu na kishikio cha chini. Bomba la nje ni lile nene, lipo chini, na ndilo linaloshika ekseli ya gurudumu. Ndani ya mabomba hayo kuna springi ndefu na mafuta.

Springi kazi yake tunaijua. Inabeba uzito. Lakini mafuta yana kazi gani? Springi ikiwa peke yake ingekurusha kila ukipita shimo, nawe ungeendelea kurukaruka mpaka shimo la pili. Mafuta yanalazimishwa kupita katika matundu madogo. Kwa kuwa matundu ni madogo, mafuta yanapita kwa shida, na ile shida ndiyo inayotuliza mruko. Kampuni ya BMW ya Ujerumani ilianza kuuza pikipiki yenye shokapu za mbele za mafuta mwaka 1935. Pikipiki hiyo iliitwa R12. Tangu hapo umbo halikubadilika sana, na hizi Boxer, TVS na Honda tunazopanda leo zinafanya kazi kwa namna ile ile.

Mahali bomba la ndani linapoingia katika bomba la nje kuna pete ya mpira. Hiyo inaitwa sili. Inazuia mafuta yasitoke. Juu ya sili kuna kifuniko kingine cha mpira cha kuzuia vumbi. Kumbuka vitu hivi viwili, tutavirudia.

KWA NINI KWETU ZINAHARIBIKA UPESI?

Mji wa Sumbawanga uko juu, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Rukwa liko chini, karibu mita 800. Katikati ni ule ukuta wa Lyamba lya Mfipa. Mtu anayetoka Sumbawanga kwenda Muze au Mtowisa anashuka karibu mita 1,000. Barabara ya kwenda Tunduma ina lami, hiyo haina neno. Lakini mahindi, maharage na ulezi havilimwi barabarani. Vinatoka mashambani, kwenye njia za mawe na makorongo.

Sasa fikiri unashuka mlima na gunia nyuma. Unafunga breki. Uzito wa mwili wako na wa lile gunia unahamia mbele. Wakati huo huo gurudumu linaingia katika shimo na kugonga ukingo wake. Pigo lile halina pa kwenda ila kwenye mabomba mawili membamba. Ndiyo maana shokapu hupinda zaidi mtu anaposhuka kuliko anapopanda.

Halafu kuna tope na vumbi. Wakati wa mvua, tangu Novemba hadi Aprili, tope linaganda kwenye bomba linalong'aa. Kiangazi ni zamu ya vumbi. Chembe za mchanga zinaingia chini ya kifuniko na kuikwangua sili. Hapo mafuta yanaanza kuvuja.

INAYOVUJA

Ya kuvuja tutaipitia haraka kidogo, kwa sababu si ngumu. Utaona bomba linalong'aa limelowa mafuta na vumbi limenata juu yake. Usiseme, 'Ah, ni matone tu.' Mafuta hayo yanatiririka chini, na chini ndipo breki ilipo. Breki iliyolowa mafuta haishiki.

Lakini kabla ya kununua sili mpya, safisha kwanza ile ya zamani. Pandisha kile kifuniko cha vumbi kwa bisibisi, polepole. Futa tope lote. Kata kipande chembamba cha plastiki laini, kama cha chupa ya maji, kifanye kiwe na ndoano ndogo pembeni. Kiingize katikati ya bomba na sili, ukizungushe bomba zima. Utashangaa uchafu utakaotoka. Mara nyingine sili ni nzima kabisa, ni mchanga tu uliokuwa umeikalia. Sukuma shokapu mara kumi, futa, uone kama kuvuja kumekoma.

Kama bado inavuja, pitisha ukucha juu ya bomba linalong'aa. Ukihisi kutu au mkwaruzo unaokwama ukucha, hapo sili mpya peke yake haitadumu, maana ule mkwaruzo utaikata tena. Kutu ndogo inaweza kusuguliwa kwa msasa laini sana uliolowekwa mafuta. Mashimo ya kutu yaliyoingia ndani hayana dawa. Bomba libadilishwe.

INAYOONEKANA IMEPINDA KUMBE HAIJAPINDA

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza fedha bure. Umeanguka kidogo kwenye tope. Umeinuka, umepanda, unakuta usukani unatazama kushoto na gurudumu linatazama mbele. Unasema, 'Basi, shokapu zimekwisha.'

Ngoja kwanza. Mara nyingi mabomba hayajapinda. Yamejizungusha tu ndani ya vishikio vyake. Legeza nati ya ekseli na bolti za kishikio cha chini, usizifungue kabisa. Simama mbele ya pikipiki, bana gurudumu kwa magoti yako mawili, shika usukani na uuvute urudi mahali pake. Sukuma shokapu chini mara tatu nne ili zikae sawa. Kisha kaza tena. Kama kila kitu kimekaa sawa na shokapu inashuka bila kukwama, hujapoteza hata senti moja.

ILIYOPINDA KWELI

Kama bado imekaa vibaya, lazima bomba litolewe lipimwe. Macho hayatoshi. Nitakueleza namna ya kulipima kwa vitu vya kijijini.

Tafuta kipande cha kioo cha dirisha, kikubwa kidogo. Kioo ni tambarare kuliko meza yo yote ya fundi seremala. Kilaze mahali pasipoyumba. Futa bomba likauke, lilaze juu ya kioo, ulizungushe polepole kwa vidole. Bomba lililonyooka linabingirika kimya. Lililopinda linatikisika, na chini yake utaona mwanga unatokea na kupotea.

Sasa chukua karatasi moja ya daftari. Unene wake ni karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Mahali mwanga unapoonekana, jaribu kuipitisha karatasi chini ya bomba. Kama inapita bila kukwama, bomba hilo limefika kikomo. Vitabu vya watengenezaji wengi vinaruhusu bomba linapozungushwa liyumbe si zaidi ya sehemu mbili za kumi za milimita, na kuyumba kwa kiasi hicho ndiyo karatasi moja ya kupinda. Ni kidogo sana, lakini bomba hilo linatakiwa kuingia na kutoka katika tundu lililolibana mara maelfu kwa siku.

Pima bomba lote, ila angalia zaidi pale lilipokuwa limeshikwa na kishikio cha chini. Hapo ndipo linapopinda mara nyingi. Ukiona mkunjo, hata mdogo kama wa ngozi ya kidole, au ufa, usipime zaidi. Hilo ni chuma chakavu.

'TUNYOOSHE KWA MOTO, MZEE'

Mimi mwenyewe niliwahi kuyafanya makosa. Pikipiki yangu iligonga jiwe, bomba moja likapinda. Halikupinda sana. Nikampelekea fundi mmoja. Akalitazama, akasema:

'Mzee, ya nini kupoteza hela? Tunaliweka motoni, tunaligonga, saa moja unaondoka.'

'Litakuwa na nguvu ile ile?' nikauliza.

'Mzee wangu, chuma ni chuma.'

Nikafurahi. Bomba likanyooka kweli, ukilitazama huoni kosa. Nilitembea nalo wiki tatu huku uwandani bila shida, na nikawasifia watu kazi ya yule fundi. Wiki ya nne nikashuka bondeni na mzigo wa maharage. Kwenye kona nikafunga breki. Bomba likakunjika palepale lilipopita moto, kama bua la mtama. Niliangukia upande wa mlima. Upande wa pili ulikuwa korongo. Nilivunjika mkono, na msimu ule shamba langu lilipaliliwa na watoto peke yao. Fedha nilizotumia hospitali zingetosha kununua mabomba mapya ya pikipiki mbili.

Sasa, kwa nini lilikunjika? Wazee wa Kifipa wangeweza kutuambia. Zamani walikuwa mafundi wakubwa wa chuma. Walikitoa chuma kwenye mawe katika tanuru za udongo zilizoitwa malungu, ndefu kupita kimo cha mtu, kisha wakakisafisha katika tanuru ndogo kabla ya kukifua kuwa majembe na mashoka. Mhunzi ye yote anajua kwamba chuma kikiwa chekundu motoni kisha kikaachwa kipoe chenyewe kinakuwa laini. Kwa anayekunja jembe ulaini huo ni msaada. Kwa bomba la shokapu ni hatari. Kiwandani bomba lile lilipewa ugumu wake kwa utaratibu maalumu, na moto wa gereji unauondoa ugumu huo mahali pamoja tu. Huku na huku bomba ni gumu, katikati ni laini. Siku ya pigo, linakunjika pale palipo laini.

Tena kuna mengine. Ule weupe unaong'aa unabanduka ukipata moto. Na bomba ni tupu ndani, ukilipiga nyundo linabonyea, halibaki mviringo. Sili itazibaje pasipo na mviringo?

Utaniuliza, je, bila moto? Wapo mafundi wenye mashine ya kusukuma chuma taratibu kikiwa baridi, na wanasema wanaweza kunyoosha bomba lililopinda kidogo lisilo na mkunjo. Vitabu vya Yamaha vinakataza hata hivyo. Vinasema bomba lililopinda lisinyooshwe, kwa sababu kunyoosha kunalidhoofisha kwa hatari. Mimi baada ya yaliyonipata nafuata kitabu. Sili ikivuja, tengeneza. Mabomba yakijizungusha, rudisha. Bomba likipinda, nunua jingine.

KUNUNUA

Nenda na bomba la zamani mkononi. Usiende na jina la pikipiki tu. Mabomba yanafanana kwa macho lakini hayalingani. Mengine yana upana wa milimita 27, mengine 30 au 31, na milimita moja ikizidi haliingii, ikipungua linacheza. Yaweke mawili bega kwa bega, ulinganishe upana, urefu na mahali pa kushika springi.

Halafu usione haya kuomba kioo dukani. Lizungushe hilo jipya kabla ya kutoa fedha. Kama ni la mtumba, ndiyo kabisa. Bomba lililotolewa kwenye pikipiki iliyoanguka Mbeya haliwi zima kwa kusafirishwa kuja Sumbawanga.

Nunua na sili za pande zote mbili, hata kama upande mmoja tu ndio ulioharibika. Nunua na kale kawasha kadogo ka shaba kanakokaa kwenye bolti ya chini kabisa ya bomba la nje. Ni kitu cha bei ndogo, na wengi hukisahau, halafu wanashangaa mafuta yanatokea chini.

KUFUNGUA NA KUFUNGA

Weka gogo au kreti imara chini ya injini, gurudumu la mbele lining'inie. Tikisa pikipiki kidogo uhakikishe haitaanguka. Ondoa gurudumu, waya wa breki na madigadi.

Kabla hujalitoa bomba, legeza kile kifuniko cha juu kabisa cha bomba la ndani, wakati bado bomba limeshikwa. Kama kuna bolti ya kishikio cha juu inayokibana kifuniko, ilegeze hiyo kwanza. Ukilitoa bomba kabla, utahangaika na kifuniko hicho mpaka jioni. Baadaye unapokifungua kabisa, weka uso wako pembeni na ukibane kwa kiganja. Springi iliyo chini yake imebanwa na inaweza kukiruka nacho.

Mwaga mafuta ya zamani kwenye kopo. Tazama rangi yake. Yakiwa meusi na yenye harufu mbaya, yamekaa miaka mingi. Fungua bolti ya chini kwa spana ya L yenye pembe sita. Kama bolti inazunguka bila kufunguka, rudisha springi ndani, mtu akusaidie kuibana kwa nguvu, nawe ufungue. Ondoa waya unaoishika sili, kisha ing'oe sili kwa bisibisi iliyofungwa kitambaa. Bisibisi tupu itakwaruza bomba la nje, na hapo umejitafutia kuvuja kwingine.

Sili mpya ipake mafuta. Upande wenye kaspringi kadogo utazame chini, kule kwenye mafuta. Funga nailoni juu ya mdomo wa bomba la ndani ili ukingo wake usiikate sili unapoipitisha. Igonge ikae kwa kutumia kipande cha bomba la plastiki la maji lenye upana wake, au weka sili ya zamani juu yake. Igonge kuzunguka pande zote, isiingie kwa upande.

Sasa mafuta. Nunua mafuta ya shokapu. Namba 10 ndiyo inayotumika sana. Yakikosekana, mafundi wengi hutumia yale mafuta mekundu ya gia za magari yanayoitwa ATF. Usitie mafuta ya injini yaliyotumika, wala ya kupikia. Kiasi chake kimeandikwa katika kitabu cha pikipiki. Kwa pikipiki nyingi ndogo ni kati ya mililita 100 na 250 kila mguu, lakini kiasi cha pikipiki yako ni kimoja tu, kiulizie dukani kama huna kitabu. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Lililoandikwa 20 ukilijaza mara nane ni mililita 160. Kulia na kushoto zilingane kabisa. Zikitofautiana, pikipiki itakuvuta upande.

Kabla ya kurudisha springi, sukuma bomba juu na chini mara kumi ili hewa itoke. Rudisha mabomba kwenye vishikio, vichwa vyake viwe kimo kimoja. Kaza kishikio cha chini, rudisha gurudumu, sukuma shokapu mara kadhaa, ndipo ukaze ekseli na vingine vyote.

Siku ya kwanza usishuke Lyamba lya Mfipa. Zunguka kijijini bila mzigo, shika breki ya mbele polepole, kisha kwa nguvu. Kesho yake kaza tena bolti zote na upitishe kidole kwenye bomba linalong'aa. Utando mwembamba wa mafuta usikutishe. Tone likikusanyika, sili imekaa kwa upande, fungua tena.

Kioo changu mimi kilitoka kwenye dirisha lililovunjwa na mbuzi. Nimekifunga kwenye gunia, kinakaa chini ya kitanda. Mwezi uliopita vijana wawili walikuja kukiazima, na mmoja alirudi nacho amenuna, maana karatasi ilipita. Wiki iliyofuata alikwenda mjini kununua bomba.